Masika ya Kambale wa Chuma

Jumatatu, 24 Februari

Ijumaa daktari alinipima moyo akasema hauna kasoro. Kinachonisumbua ni hofu. Akaniuliza kama nina mtu wa kumweleza, nikasema sina, akasema basi niandike. Ndiyo hii naandika, hapa ofisini kwa walimu, wenzangu wakinywa uji, maana nyumbani Buberwa angeliona daftari na kuniuliza ni la nini.

Naogopa ziwa. Hilo ndilo la kwanza. Mume wangu ni mzamiaji katika kampuni inayofuga sato kwenye vizimba, upande wa Muleba. Jumatatu alfajiri anaondoka kwetu Buhembe, Jumamosi anarudi. Kazi yake ni kushuka chini ya vizimba akiwa na mpira wa hewa mdomoni, ashone nyavu zilizotoboka, atoe samaki waliokufa, akague minyororo ya nanga. Mwezi wa kumi na moja mwenzake, Kahangwa, alinaswa na wavu huko chini. Buberwa ndiye aliyemtoa, lakini alimtoa akiwa amekwisha kufa. Wiki mbili baadaye Buberwa alirudi kazini. Tangu hapo moyo wangu unadunda kana kwamba mimi ndiye niliye chini ya maji.

Jumamosi, 1 Machi

Buberwa amekuja na habari. Kampuni imenunua roboti ya kuzama. Ukubwa wake ni kama debe, ina taa mbili, kamera, na mapangaboi madogo ya kuisukuma, na imefungwa waya mrefu wa njano unaopanda hadi kwenye boti. Wafanyakazi wameipa jina la Kambale. Anayeiendesha ni Ashish, mjukuu wa mzee Suryakant mwenye duka la vitambaa mjini, aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam.

Alieleza polepole, sahani yake haijaguswa. Wazamiaji wako wanne na anaona wataachishwa kazi, kwa kuwa Kambale ataona yote wanayoyaona wao na hachoki. Nilimpa pole. Kisha nikatoka nje kuanua nguo, nikafanya ishara ya msalaba kumshukuru Mungu. Halafu nikaona aibu. Mwenzangu analilia kazi yake, mimi nashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Darasa la Sita niliwafundisha roboti na kazi zake. Nilichora ubaoni mikono ya chuma inayochomelea magari kiwandani, na mingine myembamba inayomsaidia daktari kumpasua mgonjwa kwa tundu dogo. Nikawaeleza ndege zisizo na rubani zinazonyunyiza dawa mashambani, mashine zinazotegua mabomu, na gari dogo lililopelekwa sayari nyingine kuchimbua udongo. Mwisho nikachora ya kuzama majini. Niliichora kubwa kuliko zote.

Edvina, mwenye kukaa dawati la mbele, majivu bado kwenye paji la uso, akauliza kama roboti inaogopa. Nikamwambia haiogopi, ndiyo maana hupelekwa mahali ambapo binadamu anaogopa kwenda. Akainua tena mkono.

"Na ikikwama huko, Mwalimu, anaenda nani kuitoa?"

Kengele ikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Kutwa nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda dukani kwa Suryakant kutafuta kitambaa cha sare ya Jovina, binti yetu. Mzee hasikii vizuri siku hizi. Anayeuza ni mkwewe, Anasuya, mama yake Ashish. Ashish alikuwepo, ameketi juu ya marobota. "Nyegera waitu, Mwalimu," alinikaribisha kwa Kihaya safi kuliko changu, mimi niliyesoma bweni mbali na nyumbani. Nilitaka kumpenda kijana huyu. Nilikwenda pale nimeshaamua kumpenda.

Aliniuliza kama ningependa kuona anakofanya kazi kaka Buberwa. Akanionyesha kwenye simu yake picha za video alizopiga Kambale. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na sikuwa nimewahi kuona. Mwanzoni maji yalikuwa ya kijani, kisha ya kahawia, kisha meusi. Taa za Kambale zilimulika kipande cha wavu, si zaidi ya urefu wa mkono, na ndani yake mamia ya samaki wakizunguka upande mmoja bila kukoma. Ghafla mkono wa mtu ukatokea gizani na kushika wavu. Niliijua pete. Mkono ule ulikuwa peke yake, bila mwili, kama umekatwa.

Anasuya alinipa kiti. Nilisema ni njaa ya Kwaresima.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya mawe. Simu ya Buberwa haikupatikana mpaka saa kumi jioni. Aliishiwa chaji tu.

Jumamosi, 22 Machi

Wazamiaji watatu wameachishwa kazi. Buberwa amebaki.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza kama Kambale si ndiye wa kushuka sasa. Akacheka kicheko kifupi. Kambale anaona, alisema, lakini hana vidole. Hawezi kushona wavu, hawezi kufungua pingu ya mnyororo. Kwa hiyo meneja, bwana Awadhi, amepiga hesabu zake: roboti itakagua, mtu mmoja atatengeneza.

"Na wa kukushikia mpira juu?" nikauliza.

"Yeyote atakayekuwa kwenye boti."

Zamani walishuka wawili na wawili wakabaki juu, mmoja akishika mpira, mwingine akiangalia kompresa ya kusukuma hewa. Sasa anashuka peke yake. Kumbe roboti niliyoishukuru imeondoa wenzake, yeye imemwacha huko huko.

Jumapili, 30 Machi

Tulikwenda Kamachumu kwa mama mkwe, tunayemwita Mae. Mae Jovina, ambaye binti yetu amepewa jina lake, ametuonyesha kibanja: migomba imelala kwa upepo, mibuni inataka kupogolewa. Tulipokuwa tunakula akamwambia mwanawe kwamba marehemu baba yake aliishi kwa shamba hili mpaka akazikwa humo, na hakuna siku aliyorudi nyumbani akiwa amelowa ila kwa mvua ya Mungu. Buberwa alijibu kwamba atafikiri. Mimi na Mae tukatazamana. Tunamjua akisema "nitafikiri" ameshaamua.

Jumapili, 6 Aprili

Sielewi tena nimchukie nani. Buberwa anamsifu Ashish. Anasema sasa anajua anakokwenda kabla ya kushuka, na akiwa chini anaona zile taa mbili zikimfuata kama mtu anayemshikia koroboi. Wiki iliyopita Ashish alikwenda kwa bwana Awadhi kuomba mzamiaji wa pili arudishwe. Akaambiwa aendeshe mashine yake, mambo ya watu ayaache.

Lakini mimi, nikipita mbele ya lile duka, navuka barabara. Kama asingeleta kile chuma, wale watatu wangekuwepo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Mitihani ya nusu muhula. Mtoto mmoja ameandika kwamba roboti ya majini kazi yake ni "kumsaidia mzamiaji asife". Nilimpa alama zote.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika hospitalini. Bora kuandika kuliko kukaa tu.

Jana kulipokucha upepo ulikuwa umevuma ziwani tangu usiku. Saa tano nilikuwa nasahihisha madaftari simu ikaita. Ashish. Sikutaka kupokea, nikapokea. Alisema maneno yakikimbizana. Mnyororo mmoja wa nanga umekatika, vizimba vinasogea. Alimpeleka Kambale kukagua, na waya wake wa njano umejizungusha kwenye mnyororo wa pili, mita thelathini na mbili chini. Bwana Awadhi amemwamuru Buberwa ashuke aitoe roboti.

"Mwalimu, kaka Buberwa amekataa kunisikiliza mimi. Mwambie wewe asishuke."

Nilimpigia Buberwa. Nilisikia upepo kwanza, kisha yeye.

"Usishuke," nilisema.

"Nimeshashuka mara nyingi, Mama Jovina."

"Mara nyingi hizo Kahangwa alikuwepo."

Akasema atanipigia akimaliza, na simu ikakatika.

Mwalimu mkuu alinitazama usoni, akasema niende, hakusubiri maelezo. Nilichukua pikipiki Rwamishenye. Mvua ilitupiga njia nzima mpaka Muleba na kushuka kule ziwani. Dereva alitaka tusimame chini ya mti, nikamwambia kama anaogopa anipe mimi niendeshe. Sijui kuendesha pikipiki.

Nilipofika ufukweni, boti ilikuwa inarudi. Niliona watu wameinama. Niliona miguu ya Buberwa, bila viatu, imelala tu. Nilijua amekufa. Nataka niandike jambo hili kama lilivyokuwa: sikulia, sikupiga kelele, nilianza kuwaza nitamvisha nguo gani. Kisha mkono wenye pete ukainuka ukashika ubavu wa boti.

Rugemalira, nahodha wa boti, ndiye aliyenisimulia tukiwa kwenye gari la wagonjwa. Ashish aliushika mpira wa hewa kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye rimoti, macho kwenye kioo kinachoonyesha picha za Kambale. Kambale alikuwa amenasa lakini kamera yake ilikuwa inaona, kwa hiyo walimwona Buberwa akifika na kuanza kuuzungusha waya kutoka kwenye mnyororo. Alikaa huko chini karibu dakika arobaini. Waya ulipotoka tu, wimbi likasukuma kizimba, mnyororo ukakaza, ukaubana mpira wake. Mapovu yakakoma. Waliona kwenye kioo mapovu yakikoma.

Buberwa aliutema mpira. Maji yalikuwa tope tupu, hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Ashish akawasha taa zote mbili mpaka mwisho, akazielekeza kwenye waya wa Kambale. Buberwa akaiona njano. Akaushika ule waya na kupanda nao mkono baada ya mkono, bila hewa, mita thelathini na mbili. Alipotokeza juu alisema maneno mawili, kwamba yuko salama. Baada ya robo saa akasema hasikii miguu.

Daktari amenieleza. Mtu akikaa kina kirefu kisha akapanda haraka, damu inafanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa nguvu. Mapovu yamekwenda kwenye uti wa mgongo. Chumba maalumu cha kutibu hali hiyo kiko mbali, na safari ya ndege inaweza kumdhuru zaidi. Wamemwekea oksijeni. Tunasubiri.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Ameweza kutikisa kidole kimoja cha mguu wa kulia. Mae alikiona kwanza. Akapiga magoti pale pale sakafuni.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kengele tumezisikia tukiwa wodini.

Jumamosi, 26 Aprili

Mguu wa kulia umerudi. Wa kushoto bado. Anashika kuta, anatembea hatua tatu, anakaa. Anamtazama muuguzi, anatazama dirisha, mimi hanitazami.

Ashish alikuja na matunda kutoka kwa mama yake. Alisema ziko nchi ambako hospitali zina roboti za kumfunga mgonjwa miguuni zimfundishe kutembea upya. Nilimwambia nimeshiba roboti. Alikubali kwa kichwa, akaketi chini kando ya kitanda saa nzima. Anakuja kila siku. Leo ndiyo siku ya kwanza kumpa chai.

Jumamosi, 3 Mei

Tumerudi Buhembe. Jana ililetwa barua ya kampuni. Bwana Awadhi ameandika kwamba mzamiaji alishuka kwa hiari yake, kinyume cha maelekezo, na kwamba kampuni haihusiki na maumivu yake.

Buberwa aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Leo asubuhi Anasuya alinitumia ujumbe niende dukani. Akafunga mlango nyuma yangu. Ashish alikuwa ndani na kile kioo cha kuendeshea Kambale. Akanieleza kwamba kinarekodi anachokiona Kambale, na pia sauti za watu waliosimama karibu na kioo. Bwana Awadhi, aliyesimama hapo siku ile, hajui. Aliniuliza kama nitaweza kutazama. Nilisema siwezi. Kisha nikakaa.

Anasuya alinishika mkono muda wote. Kwenye kioo kulikuwa na mnyororo na tope, hakuna kingine. Lakini sauti zilikuwa safi. Nikamsikia bwana Awadhi akisema ashuke, au kesho asije. Upepo. Kisha nikamsikia mume wangu.

"Naogopa, bosi. Leo naogopa. Peke yangu siwezi."

Sijawahi kuisikia sauti ile. Alipomzika Kahangwa hakuwa nayo. Bwana Awadhi akarudia maneno yake yale yale, na baada ya muda maji yakatikisika.

Sikutazama mapovu yakikoma. Nilifumba macho. Nilijua yamekoma kwa jinsi Anasuya alivyonibana vidole.

Ashish anataka niipeleke rekodi hiyo kwa wakaguzi wa usalama kazini. Nilimkumbusha kwamba kazi yake itakwisha siku hiyo hiyo. Alisema anajua, mama yake pia anajua.

Jumapili, 4 Mei

Buberwa amekataa.

Nilidhani atafurahi. Nilimweleza baada ya misa, tukiwa peke yetu uani. Uso wake ulibadilika.

"Wasikie wote nalia kama mtoto?" alisema. "Wale wenzangu watatu, Mae, walimu wako? Hapana. Acha barua iseme inavyotaka."

Nilimwambia hakulia. Akasema ni yale yale. Nilimwambia kuhusu matibabu, kuhusu Jovina. Alichukua fimbo yake akaingia ndani, mguu wa kushoto ukiburuta mstari kwenye tope.

Nimekaa na hasira mchana kutwa. Mtu aliyepanda mita thelathini na mbili bila hewa, anaogopa sauti yake mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi kabla ya kwenda shule niliweka daftari hili kitandani kando yake. Nikamwambia asome, lote. Naandika haya kwenye karatasi, nitayabandika baadaye.

Siku nzima darasani sijui nilifundisha nini.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameketi mlangoni, daftari limefungwa mapajani. Aliniuliza ni tangu lini moyo unanienda mbio namna ile. Nikamwambia tangu kifo cha Kahangwa, lakini hofu yenyewe ninayo tangu nilipojua kazi yake, kabla ya harusi. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwuliza na yeye je.

Tulikaa. Mvua ilianza, tukasogea ndani kidogo, tukakaa tena.

"Ipeleke," alisema.

Ijumaa, 9 Mei

Wakaguzi wameisikiliza mara mbili. Mmoja aliandika, mwingine alitazama dirishani. Wamemwita bwana Awadhi. Ashish amesimamishwa kazi.

Jumatano, 14 Mei

Pikipiki isiyo na namba ilipita mbele ya nyumba mara tatu jioni, polepole. Jovina nimemlaza chumbani kwetu. Huenda ni mtu anayetafuta njia tu. Nimefunga komeo.

Alhamisi, 15 Mei

Imepita tena. Buberwa alitoka na fimbo yake akasimama barabarani. Dereva alisimama. Alikuwa mmoja wa wale wazamiaji watatu walioachishwa. Alitaka kuja kumwona mwenzake na kila mara alikosa ujasiri, kwa sababu alipoachishwa alimtakia mabaya yule aliyebaki. Alikula nasi.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua zimepungua. Bwana Awadhi ameondolewa. Kampuni imekiri kwa maandishi, na matibabu ya Buberwa ni juu yao. Wamemwita Ashish arudi, kwa kuwa Kambale hana mwingine wa kumwendesha. Ameweka masharti: wazamiaji wote watatu warudi, hakuna kushuka peke yako, na mbele ya kioo akae mtu anayejua chini kulivyo. Alimtaja Buberwa.

Buberwa alisema atafikiri. Mae alifunga macho.

Jumamosi, 31 Mei

Shule ilifungwa jana. Leo ilikuwa siku ya kwanza ya Buberwa mbele ya kioo, nami nilimsindikiza. Nilisema ni kwa ajili ya mguu wake.

Ziwa lilikuwa limetulia, kijivu. Rugemalira alitupandisha kwenye boti, tukafika vizimbani. Walimweka Buberwa kwenye kiti chini ya turubai, kioo mbele yake, Ashish kando yake na rimoti. Wazamiaji wawili walikaa ukingoni na mipira yao, wakisubiri kuambiwa. Kambale akashushwa. Karibu nimwone kama kitoto, anavyoyumba.

Maji ya kijani, ya kahawia, meusi. Buberwa alianza kuongoza kwa sauti ya chini: kushoto, shuka, pale pana mwamba, polepole. Ashish alifanya kila alichoambiwa. Mita kumi. Mita ishirini. Kisha Buberwa akaacha kusema. Nilidhani anatazama kitu. Nikasogea, nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na shingo imejaa mishipa. Kifua chake hakikuwa kinapanda wala kushuka. Alikuwa ameketi mchana kweupe, hewa tele pande zote, amebana pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyezama.

Nikaweka mkono mgongoni kwake.

"Pumua," nilimwambia.

Akapumua. Ilitoka kwa kishindo, wale wawili wakageuka kututazama. Hakuona haya. Aliniambia, macho bado kwenye kioo, kwamba ndivyo alivyokuwa kila siku kabla ya kushuka, miaka yote, na Kahangwa alikuwa akimpiga mgongoni kidogo kabla ya kumpa mpira.

Kisha akamwambia Ashish amshushe Kambale mita mbili zaidi, taratibu. Mkono wangu niliuacha pale pale mpaka Kambale aliporudi juu.